Duara Tupu na Duara Lenye Mwenyewe: Enso ya Zen Mbele ya Kigango cha Pwani

Utangulizi

Duara ni umbo lisilo na mwanzo wala mwisho, na kwa sababu hiyo kila anayelitazama huona ndani yake kile alichokuja nacho. Hapo ndipo penye mvuto wake kwa mhakiki wa sanaa linganishi, na ndipo penye hatari yake. Makala haya yanachunguza iwapo enso, yaani duara linalochorwa na wafuasi wa Zen kama zoezi la kutafakari, linaweza kuwa kipimo cha kuyasoma maduara ya pwani ya Kenya, hasa katika eneo la kutoka Mtwapa hadi Malindi. Hoja inayotetewa ni kwamba ulinganishi huo unafaa pale duara linapochukuliwa kuwa kitendo. Likichukuliwa kuwa umbo tu, ulinganishi hupotosha pande zote mbili, na upotoshaji wa aina hiyo umekwisha kuwagharimu watu wa Kilifi.

Enso si umbo tu

Enso huchorwa kwa brashi na wino mweusi, kwa mkokoto mmoja, aghalabu kwa pumzi moja. Wino ukishagusa karatasi hakuna kufuta wala kurudia. Mahali brashi ilipokauka panaonekana, na mahali mkono uliposita panaonekana pia. Baadhi ya wachoraji huziunganisha ncha mbili za mstari; wengine huacha mwanya. Miongoni mwa mabingwa wa sanaa hii ni Hakuin (1686–1769) na Sengai (1750–1837), watawa wa madhehebu ya Rinzai nchini Japani.

Ni mazoea kueleza kwamba enso ni alama ya utupu, kisha uhakiki ukaishia hapo. Mambo mawili yanayapinga mazoea haya. Kwanza, enso nyingi huandamana na maandishi ya mchoraji, na maandishi hayo huielekeza maana. Sengai, kwa mzaha wake, aliwahi kulifanya duara kuwa kitafunio cha kunywea chai. Pili, katika mfululizo wa picha kumi za mchungaji na ng'ombe wake ulioandaliwa na Kuoan wa Uchina katika karne ya 12, duara tupu ni picha ya nane. Baada yake zinafuata mbili, na ya mwisho inamwonyesha mtu akiingia sokoni kukutana na watu. Utupu basi ni kituo cha njiani, na anayekomea hapo hajaifuata safari ya Zen hadi mwisho.

Maduara ya pwani

Pwani nayo ina maduara yake. Fundi wa milango ya nakshi huanza ua lake kwa bikari. Duara la bikari ni kiunzi, na ua likishakamilika kiunzi hicho humezwa na nakshi. Katika halaka ya zikri, duara hufanywa na watu wenyewe, na pumzi zao hupimwa kwa pamoja. Hapa enso na zikri vinakaribiana kwa namna isiyotarajiwa, kwani vyote viwili hulitegemea pumzi ili duara liwepo. Tofauti yao ni kwamba pumzi ya enso ni ya mmoja, na ya zikri ni ya wengi. Kadhalika kuna desturi ya miji ya pwani ya kumzungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja, ili mji ukingwe na balaa.

Lugha yenyewe inashuhudia. Kuzinga ni kuzunguka; kuzingua ni kumwondolea mtu uchawi au pepo. Kwa Mswahili, duara hufunga na hufungua, na daima kuna aliyefungwa au aliyefunguliwa. Ni vigumu kupata katika msamiati huu duara lisilomhusu mtu.

Kigango

Mfano mzito zaidi ni kigango, nguzo ya mbao inayochongwa na Wagiriama kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Kiwiliwili chake ni ubao mrefu uliojaa pembetatu za kuchanjwa. Kichwa, mara nyingi, ni duara bapa. Mtazamaji aliyelelewa na enso atavutiwa mara moja na kichwa hicho kisicho na sura: uso uliofutwa, nafsi iliyokwisha. Usomaji huu unapendeza, lakini hauna msingi. Kigango huchongwa kwa sababu koma ya mtu fulani imekidai, mara nyingi kupitia ndoto za jamaa zake. Humwagiwa tembo la mnazi. Kikishasimikwa hakihamishwi; mji ukihama, kigango huachwa kioze mahali pake, na huko waendako jamaa huweza kusimika kibao kidogo. Kile kinachoonekana kuwa utupu ni uso ambao wenyewe wanaujua.

Karibu na Mtwapa kuna mfano unaosaidia kuielewa tofauti hii. Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 yaliyochimbuliwa na James Kirkman mwaka 1972, ni mahali ambapo wenyewe wameondoka. Mgeni anaweza kukaa kando ya msikiti wa ufukweni akatafakari mauti bila kumdhulumu mtu. Kigango kilichoinama kichakani, kimeliwa na mchwa, kinaweza kumfanana mgeni huyo na gofu. Lakini si gofu. Kina mwenyewe.

Kosa hilo limetendeka. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alipiga picha ya vigango viwili vya familia moja ya Kimijikenda. Muda mfupi baadaye viliibwa. Vilikuja kutambuliwa Marekani, kimoja katika Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, na vikarejeshwa Kenya baada ya miaka ishirini na zaidi. Mwaka 2014 jumba jingine la makumbusho, la Denver, lilitangaza kwamba litarejesha vigango 30. Mwizi hufuata soko, na soko hufuata ladha. Ladha nayo ilijengwa, kwa sehemu, na lugha ya uhakiki iliyosifu umbo safi na utulivu wake huku ikimsahau marehemu.

Hitimisho

Haya hayamaanishi kwamba Zen haina la kuufunza uhakiki wa Kiswahili. Kinyume chake, enso inafunza kwamba duara halitenganishwi na mkono, pumzi na saa iliyolizaa. Mkokoto haurudiwi, kigango hakihamishwi. Katika makatazo hayo mawili ndimo ulinganishi wa kweli unamokaa, kuliko katika mviringo unaoonekana kwa macho.

Funzo hili linaihusu fasihi andishi pia. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), mara nyingi zimesomwa kwa kuziegemeza kwenye falsafa za mbali, kana kwamba mzunguko wa masimulizi ni mali ya yeyote. Mhakiki anayeufuata mzunguko huo hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyezingwa ndani yake, na ni nani anayesubiri kuzinguliwa. Akikosa kuuliza, atakuwa amekwama kwenye picha ya nane, na soko liko mbele yake.