Askari Wasioitwa: Uhakiki wa Istiari ya Vita katika Maelezo ya Ukali wa Bakteria

Elimu ya UKIMWI ilipoenea Afrika Mashariki, chembe nyeupe za damu zilipata jina la "askari wa mwili". Istiari hiyo ilifanya kazi kubwa, wala haistahili kubezwa: hata asiyewahi kuona hadubini alielewa kwa nini aliyepungukiwa na askari huandamwa na kila maradhi. Kasoro huanza inapohamishiwa nzima nzima kwa bakteria, ambako "ukali" hufasiriwa kuwa wingi wa silaha na sumu alizobeba adui.

Utando wa nje wa bakteria wa Gramu hasi una lipopolisakaridi, na kitako chake, lipidi A, huitwa endotoksini, yaani sumu ya ndani, jina lililotokana na kazi za Richard Pfeiffer mwishoni mwa karne ya 19. Jina hili linapotosha. Mwaka 1998 ilibainika kuwa panya wenye hitilafu katika jeni ya kipokezi TLR4 hawadhuriki kwa lipopolisakaridi. Ugunduzi huo ulichangia kumpatia Bruce Beutler Tuzo ya Nobeli ya 2011. Kwa hiyo madhara hutokana na mwitikio wa mwili wenyewe. Askari ndio wachomao nyumba.

Tauni, ambayo wakazi wa Lushoto waliionja vikali kuanzia miaka ya 1980, huipa istiari hii mtihani mgumu zaidi. Katika joto la chini, kama la mwili wa kiroboto, baadhi ya lipidi A ya Yersinia pestis huwa na minyororo sita ya asidi za mafuta, na TLR4 huitambua mara moja. Katika nyuzi 37 za mwili wa binadamu hubaki hasa minyororo minne, nayo hutambulika kwa shida. Kimeng'enya LpxL, ambacho kingesaidia kukamilisha minyororo hiyo, bakteria huyu hana. Mwaka 2006 watafiti walimpandikizia jeni yake kutoka kwa Escherichia coli, na bakteria aliyekuwa akiua panya akashindwa kuwaua. Kuongezewa kimeng'enya kulimpokonya ukali.

Msamiati wa silaha hauna nafasi ya tukio kama hili. Methali ya kimya kingi kina mshindo mkuu inalikaribia zaidi: askari wapo, ila hakuna aliyepiga mbiu. Salmonella naye ana PagL, kimeng'enya kinachong'oa mnyororo mmoja wa lipidi A na kupunguza utambuzi huohuo. Kwa MCR-1, iliyotangazwa mwaka 2015, lugha ya vita inafaa kiasi, kwa kuwa hubadili lipidi A hadi dawa ya kolistini ishindwe kuishika vyema. Hata hivyo hiyo ni ngao, si mkuki.

Waandishi wa vitabu vya biolojia wangefanya vyema kuliacha neno "ukali" lieleze ugonjwa, na bakteria apewe "uwezo wa kudhuru". Istilahi hii ni ndefu, na huenda ikachosha katika majedwali. Lakini mwanafunzi anayeisoma hatalazimika kutafuta silaha mahali ambapo kilichopo ni upungufu wa kimeng'enya kimoja.