Neno Moja katika Hukumu ya 2015

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi. Hapa ninahakiki hukumu, kwa kuwa hukumu nayo ni matini, na hii ilisikilizwa na nchi nzima.

Tarehe 4 Mei 2015 Mahakama ya Katiba ya Burundi iliamua kwamba Rais Pierre Nkurunziza angeweza kugombea tena. Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2005 kilisema Rais huchaguliwa na wananchi wote moja kwa moja, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Kifungu cha 302 kiliruhusu Rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito achaguliwe na Bunge na Seneti. Majaji walishika neno hilo, "moja kwa moja". Muhula wa 2005 ulitolewa na wabunge, basi haukuhesabiwa, na ule uliofuata 2015 ukawa wa pili. Kisarufi hoja inasimama. Siwezi kuiita upuuzi. Udhaifu wake ni kwamba Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulisema bila kificho kuwa hakuna atakayeongoza zaidi ya mihula miwili, na mahakama yenyewe iliukiri mkataba huo kuwa msingi wa Katiba. Msingi huo hauonekani tena katika uamuzi wenyewe.

Lakini sidhani watu walipoteza imani kwa sababu ya sarufi. Makamu wa Rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikataa kutia sahihi, akakimbilia Rwanda, akasema majaji walikuwa wametishwa. Tangu siku hiyo ni wachache waliojali vifungu. Maandamano yalikuwa yameanza 26 Aprili. 13 Mei wanajeshi walijaribu kupindua serikali. 21 Julai uchaguzi ukafanyika. Warundi zaidi ya 300,000 waliishia ukimbizini.

Hapa Kajaga, kando ya barabara ya Gatumba, naona mabaki ya jambo hili katika mambo madogo. Mama mmoja jirani yetu anagombania mpaka wa kiwanja tangu maji ya Tanganyika yapande yakafunika alama. Nilimshauri aende mahakamani. Akacheka. "Mwanangu, huko nitakwenda na nani?" Hakuuliza atakwenda na ushahidi gani.

Wenzangu darasani hupenda kutaja Kenya kama dawa, na mimi nakubali nusu tu. Mwaka 2007 upande wa Raila Odinga ulikataa kwenda kortini, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta ushindi wa Rais aliye madarakani. Hata hivyo Odinga alisusia uchaguzi wa marudio, kwa hiyo imani kwa majaji haikuhamia kwa tume ya uchaguzi. Faida ilichelewa: mwaka 2022 alirudi katika Mahakama ya Juu ile ile, akashindwa, akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Sentensi kama hiyo sijawahi kuisikia kwetu.

Tarehe 25 Novemba 2021 kitengo cha rufaa cha Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, chenye makao yake katika mji huo huo wa Arusha, kiliamua kwamba hukumu ya 2015 ilikiuka Mkataba wa Arusha na Katiba. Nkurunziza alikuwa amefariki tarehe 8 Juni 2020. Nilipomsimulia jirani yangu, aliniuliza tarehe ile mara mbili, kisha akaendelea kuanika ndagala zake.