Mbona Garcin Hatoki?

Karibu na mwisho wa tamthilia ya Huis clos ya Jean-Paul Sartre kuna sentensi maarufu kuhusu jehanamu na watu wengine. Wasomaji wengi huishikilia hiyo na kuishia hapo, kana kwamba mwandishi alitaka tu kusema kwamba binadamu husumbuana. Baadaye Sartre mwenyewe alieleza kwamba ilieleweka vibaya. Kwa maoni yangu, kiini cha tamthilia kiko mlangoni.

Wafu watatu wamefungiwa chumbani: Garcin, mwandishi wa habari kutoka Rio, Inès, karani wa posta, na Estelle, tajiri wa Paris aliyemuua mtoto wake mchanga. Hakuna kioo, taa haizimwi, na mtesaji waliyemtarajia hatokei. Garcin anaandamwa na swali moja. Vita vilipoanza alipanda treni kuelekea Mexico, akakamatwa mpakani na kupigwa risasi. Je, alikuwa mpinga vita mwenye msimamo, au mwoga aliyekimbia? Wenzake gazetini wanamwita mwoga, naye hawezi tena kujitetea mbele yao.

Basi anagonga mlango kwa ngumi, akisema yuko tayari kwa mateso ya aina yoyote ilimradi aondoke. Mlango unafunguka. Hatoki.

Tulipoisoma kwa sauti darasani, mimi nilikuwa Garcin, na mwenzetu mmoja akauliza, "Sasa mbona hatoki huyu?" Tulicheka, ila swali lile ndilo swali la tamthilia nzima. Garcin anabaki kwa ajili ya Inès. Estelle yuko tayari kumwita shujaa, lakini angemwambia hivyo mwanamume yeyote wa kumkumbatia, kwa hiyo sifa yake haina uzito. Inès anamdharau, akikiri yeye, Garcin ataamini. Anachotafuta, basi, ni hakimu aliye huru, kisha anataka kuulazimisha uhuru huo utoe hukumu anayoipenda yeye. Hilo haliwezekani. Na mlango ule anaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Hapo siwezi kukubaliana na wanaomwona kuwa mwathirika tu wa macho ya Inès.

Tamthilia hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwezi Mei 1944, Wajerumani wakiwa bado wanaukalia mji. Kwa hadhira ile, swali la nani alisimama na nani alikimbia halikuwa fumbo la kifalsafa. Huenda aliyeketi kiti cha pili alikuwa na jibu lake kuhusu jirani yake.

Hata hivyo, nina shaka moja. Udhanaishi unasisitiza kwamba mtu ni matendo yake, na kwamba anaweza kutenda upya. Garcin amekufa, hana tendo lililobaki. Sartre amechagua wahusika ambao hawawezi kujirekebisha, kisha anawaonyesha wakishindwa. Je, huko si kurahisisha mambo? Ndiyo maana ningependa Huis clos isomwe pamoja na Les Mouches, aliyoitoa mwaka 1943. Kule Orestes yu hai. Anamuua mama yake na Aegisthus, anakataa kutubu, anakubali kwamba tendo ni lake, kisha anaondoka mjini huku nzi wakimfuata. Hamwombi mtu yeyote wa Argos amwambie yeye ni nani.