Kampuni, Neno na Ardhi katika The Space Merchants

Riwaya ya kisayansi imezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa fasihi pendwa, na kwa sababu hiyo wahakiki wengi huipita bila kuigusa. The Space Merchants ya Wamarekani Frederik Pohl na C. M. Kornbluth, iliyotokea kwa mfululizo katika jarida la Galaxy mwaka 1952 na kuwa kitabu mwaka 1953, haistahili kupitwa hivyo.

Dunia inayochorwa humo imesongamana hata watu wengine hukodi vidato vya ngazi katika majumba ya ofisi wapate pa kulala. Maji matamu hutolewa kwa kipimo, mbao halisi huthaminiwa kama johari, na gari la fahari huendeshwa kwa pedali. Maseneta huwakilisha makampuni, si majimbo. Waandishi hawayalilii hayo, kwani msimulizi wao, Mitchell Courtenay, hayaoni kuwa maovu. Kwake ndiyo maendeleo. Kejeli ya riwaya imejengwa juu ya upofu huo, na imejengwa barabara.

Courtenay ni mtunzi wa matangazo katika kampuni ya Fowler Schocken. Amepewa kazi ya kuwauzia watu sayari ya Zuhura, yenye joto kali na hewa ya sumu, waione kuwa makao ya kutamanika. Mtawala wa dunia hii basi hahitaji sana bunduki. Anahitaji mtu anayejua neno lipi litaamsha hamu ipi. Mnyororo wa bidhaa unaonyesha jambo hili waziwazi: mwenye kula Crunchies hupatwa na uchu unaotulizwa na kinywaji cha Popsie tu, Popsie humtaka avute sigara za Starr, nazo sigara humtia njaa ya Crunchies. Huo ndio uchumi wa riwaya nzima katika sentensi moja, na ni vigumu kupata ufafanuzi mfupi zaidi wa jinsi faida inavyozaa uhitaji badala ya kuukidhi.

Sehemu iliyo nzito kuliko zote ni ile ya Costa Rica. Courtenay ananyang'anywa jina na cheo, anajikuta kibarua wa Chlorella chini ya mkataba, na deni lake kwa kampuni halipungui hata afanye kazi vipi. Humo mna Chicken Little, pande kubwa la nyama ya kuku linalokua bila kukoma na kukatwa vipande kulisha mataifa. Ndani ya nyama hiyo hiyo hukutana kisiri Consies, yaani wapigania hifadhi ya maliasili. Anapojiunga nao kwa hila, Courtenay anawaandikia upya karatasi zao za uenezi kwa mbinu zile zile alizouzia bidhaa. Hapa waandishi wamegusa swali gumu: je, lugha iliyofunzwa kuhadaa yaweza kukomboa? Kwa bahati mbaya wanaliacha haraka.

Hatima ya riwaya ndiyo udhaifu wake. Courtenay, mkewe Kathy na Consies wanapanda roketi kwenda Zuhura. Watetezi wa ardhi wanaikimbia ardhi, na vibarua wa Costa Rica, waliotuonyesha unyonyaji kwa macho yao, hawatajwi tena kama watu wenye haki ya kuokolewa. Katama Mkangi naye, katika Walenisi (1995), humfikisha mhusika wake Dzombo kwenye sayari nyingine. Lakini jina lenyewe, "wale ni sisi", humrudisha msomaji kwa jamii iliyoachwa nyuma. Kwa Mkangi safari ni kioo. Kwa Pohl na Kornbluth ni mlango wa kutorokea, na wenye tiketi ni wachache.

Kornbluth alifariki mwaka 1958. Pohl aliirudia dunia hiyo peke yake katika The Merchants' War (1984), na humo, Zuhura ikiwa imekwisha kupata wakazi wake walio huru, dunia ingali mikononi mwa watangazaji.