Nani Atamcheza Mama Mkwe?

George Balanchine, msanii wa St. Petersburg mwenye asili ya Georgia aliyehamia Marekani na mwaka 1948 akashiriki kuasisi New York City Ballet, alipenda kusema kwamba katika baleti hakuna mama mkwe. Alikuwa na maana nyepesi tu. Mwanamke akiingia jukwaani utaona kama ni kijana au mzee, kama ana hasira au ana raha, lakini hutaona kwamba ndiye aliyemzaa mume wa yule msichana pale pembeni. Ukwe ni habari, na habari inataka mdomo. Kwa msomaji wa riwaya za mapenzi za kwetu hilo ni pigo kubwa. Mwondoe mama mkwe, iondoe mahari, mwondoe ami anayekataa kupokea wageni, na nusu ya misiba ya mapenzi ya Afrika Mashariki itakosa sababu ya kutokea.

Ila Balanchine hakufika Soy. Sisi tuko kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale, Uasin Gishu huku, Likuyani ya Kakamega kule, Wanandi na Wabukusu na wengine wengi wakinunua sukari duka moja. Kwa Wabukusu wanaoshika mila, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao huiacha njia. Basi unamwona mtu mzima, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, ghafla anaingia kwenye nyasi zenye umande na kugeuzia uso shamba la mahindi. Watu wa steji ya matatu wanacheka chinichini. Hakuna aliyewaambia kitu, na mama mwenyewe hata hajatokeza kwenye kona, lakini wamekwisha kujua ni nani anayekuja. Kwa hiyo mama mkwe anachezeka, tena bila yeye kukanyaga jukwaa.

Ufundi ninaotaka kuusifu unaanzia hapo: kuichukua riwaya nzima ya mapenzi yaliyokwisha vibaya, kuinyang'anya maneno yote, kisha kuvizia tendo moja la mwili linaloweza kufanya kazi ya sura nzima. Wengi hudhani mtunzi wa baleti anafupisha kitabu. Kufupisha ni kazi ya mwanafunzi wa kidato cha nne usiku wa kuamkia mtihani. Mtunzi wa densi anaandika upya, na mara nyingine analazimika kuandika jambo ambalo mwenye kitabu hakuliandika kabisa.

Itazame Eugene Onegin ya Alexander Pushkin, riwaya iliyotungwa kwa beti mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halimshangazi mtu aliyelelewa na tenzi. Tatiana, msichana wa shamba, anampenda Onegin, bwana wa mjini aliyechoshwa na kila kitu. Usiku anamwandikia barua. Onegin anamjibu bustanini kwa maneno ya adabu yanayochoma kuliko tusi. Baadaye anamuua rafiki yake Lensky kwa bastola, anatangatanga miaka, na anaporudi anamkuta Tatiana ni mke wa jenerali. Sasa yeye ndiye anayeandika barua. Riwaya yote imeegemea barua hizo mbili, na barua jukwaani ni karatasi tu; aliyekaa safu ya kumi haoni hata wino.

John Cranko, mzaliwa wa Rustenburg, Afrika Kusini, aliyekuwa akiiongoza baleti ya Stuttgart, alilitegua tego hilo mwaka 1965. Tatiana anasinzia juu ya barua yake. Chumbani mna kioo kirefu, na ndani ya kioo anatokea Onegin, anavuka fremu, anampokea. Huyu wa kiooni ni mwepesi na mkunjufu. Anamrusha, anamdaka, anamwinua juu ya kichwa kana kwamba anamwonyesha nchi. Onegin wa mchana hajapata kumtazama hivyo hata mara moja. Mtazamaji hasomi barua, ila anayajua yote yaliyomo, pamoja na kosa lake kubwa: kwamba imeandikiwa mtu asiyekuwepo. Kisha yale maneno ya bustanini. Cranko aliyafuta yote, akamfanya Onegin aichane barua mbele ya Tatiana, siku ya sherehe yake, wageni wakiwa chumba cha pili. Kwa Pushkin hakuna mchano wa namna hiyo. Lakini mtu ukishauona huwezi kuamini kwamba haukuwemo, na katika tendo la mwisho, Tatiana anapoichana barua ya Onegin na kumwonyesha mlango, mikono ileile inakamilisha hesabu ambayo Pushkin aliifunga kwa hoja.

Mimi baleti hizi nimezionea kwenye simu, kwa bando. Soy haina ukumbi wa aina hiyo. Nairobi imeanza kuzoea: Dance Centre Kenya wameshaonyesha The Nutcracker katika Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya, na Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, alitoka mikononi mwao hadi shule ya English National Ballet huko London. Lakini mtu asije akasema kwamba watu wa huku hawangeelewa. Kaa kwenye hoteli yoyote ya chai kati ya Soy na Eldoret siku ya mbio ndefu. Runinga iko juu ya friji, sauti imezimwa kwa sababu redio inacheza, na wanariadha watano wako pamoja kilomita ya 35. Mzee mmoja anaelekeza kijiko: yule wa tatu amekwisha. Ukimwuliza amejuaje atakwambia tazama bega la kushoto, tazama shingo. Dakika mbili baadaye wa tatu anaachwa. Hawa ni watu waliozaliwa kwenye kusoma miili, na mtunzi wa densi hahitaji watazamaji wa namna nyingine.

Wanachokisoma kwenye bega, zaidi ya kitu kingine, ni uzito: nani anaubeba mwili wake na nani ameanza kubebwa nao. Na nadhani ndiyo sababu riwaya za mapenzi ya msiba zinaikubali baleti kuliko riwaya nyingine. Densi ya wawili ni biashara ya uzito. Msichana anapoinuliwa, nusu ya kazi ni yake: anakunja goti, anaruka kwa wakati, anakaza mgongo na tumbo, na mwanamume anamalizia. Akichelewa hata kidogo, anayeinua huumia. Upendo wao, kwa macho ya ukumbini, ni huko kuugawana uzito bila kuonekana kuugawana. Basi kifo cha mmoja ni nini? Ni mwenzake kubaki na mzigo wote.

Mtunzi wa baleti Kenneth MacMillan alilielewa hilo hadi mifupani. Mwaka 1974, katika jumba la Covent Garden, alitoa Manon, iliyotokana na riwaya ya padri Prévost ya mwaka 1731. Des Grieux na mpenzi wake Manon wamefika Louisiana, Manon amehamishwa kama mfungwa, wamekimbilia kwenye vinamasi. Miguu ya Manon haimbebi tena. Anakimbia hatua chache, anajitupa, anazunguka hewani, na Des Grieux anamdaka akiwa karibu na sakafu. Anamsimamisha, anateleza. Anamnyanyua; kichwa kinaangukia nyuma. Kila mara mchango wa Manon unapungua, hadi kinachobebwa si mchezaji mwenza tena. Ukweli wa nyuma ya pazia ni kwamba msichana anayeigiza maiti hufanya kazi kubwa kuliko wote jukwaani, kwa kuwa lazima aonekane amelegea huku akikaza kwa siri pale tu panapouokoa mgongo wa mwenzake. Ustadi mwingi wa baleti hizi umefichwa mahali kama hapo, na ndiyo maana makofi huwaendea wale wanaoruka.

MacMillan alifanya jambo jingine, na hili nalisifu kuliko vinamasi. Katika kitabu, Manon hana sauti yake. Kila tunachokijua juu yake tunaambiwa na Des Grieux, tena baada ya kumzika. Ni mwanamke aliyetengenezwa na majuto ya mwanamume. Baleti haina msimulizi. Haiwezi kuwa naye. Kwa hiyo Manon anaingia mwenyewe, na tunapomwona katika densi ile ya watatu, kaka yake Lescaut akimpitisha mikononi kumwonyesha tajiri kama mali, koti la manyoya likiwa tayari kwa mabega yake, tunaweza kuutazama uso wake na kuamua wenyewe kama anauzwa au anajiuza. Prévost hakutuachia nafasi hiyo. Watu hulalamika kwamba densi inapoteza fikra za riwaya. Kweli inapoteza. Ila wakati mwingine inampoteza pia mtu aliyekuwa amekaa mbele ya dirisha akituziba.

Tukija kwenye muziki, mafundi hawa walikuwa na ujanja mmoja. Riwaya zote hizi zilikwisha kuwa opera. Massenet alitunga opera ya Manon. MacMillan alitumia muziki wa Massenet huyohuyo, lakini hakuchukua hata noti moja ya opera ile. Tchaikovsky alitunga opera ya Onegin; muziki wa Cranko ni wa Tchaikovsky, uliopangwa na Kurt-Heinz Stolze kutoka vipande vingine, opera imeachwa nje. Na John Neumeier alipoicheza riwaya ya Dumas mtoto juu ya yule kahaba wa Paris na maua yake ya kamelia, huko Stuttgart mwaka 1978, hakumgusa Verdi wala La Traviata yake, alimchukua Chopin. Sababu inaeleweka hata stejini Soy. Piga Malaika kwa gitaa tupu, bila mwimbaji, na mahali pote pataimba. Kila mtu atasikia habari za mahari zikipita, na wachezaji watageuka mapambo ya wimbo. Muziki uliokwisha kuzoea maneno hauwezi kukaa kimya.

Hili ndilo gomvi langu na densi za mashule yetu. Tamasha la drama la shule za Kenya lilianza mwaka 1959, na hadi leo, kila muhula wa kwanza, viwanja vya shule za huku hujaa vumbi la mazoezi. Kitengo cha densi bunifu ni chetu kabisa: kisa kizima kinachezwa, mavazi, ngoma, vifaa vya jukwaani na yote. Lakini mwimbishaji haachi kueleza. Baba anakataa posa, naye anaimba kwamba baba amekataa posa. Niliwahi kumwona mwalimu mmoja, jioni, kwenye nyasi nyuma ya bwalo, akimwambia mwimbishaji wake apumzike kidogo. Mvulana aliyecheza baba alibaki hana la kufanya. Akakaa kwenye kigoda chake akiwatazama wachumba wanaokuja na zawadi. Kisha, bila kuagizwa, akainuka kidogo, akakigeuza kile kigoda, na kukaa tena akiwa amewapa mgongo. Wenzake waliokuwa wakipiga soga pembeni walinyamaza. Mwalimu alisema, acha hapohapo, usiongeze kitu. Nilijisemea kwamba Cranko angelipia nauli kukiona kigoda kile.

Kwa hiyo sioni kwa nini The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1965, mwaka uleule wa Onegin ya Stuttgart, isichezwe. Jukwaa lake liko tayari kwenye ukurasa wa kwanza: matuta mawili yanayotazamana, Kameno na Makuyu, na mto Honia katikati. Waiyaki ni wa huku, Nyambura binti wa mhubiri Joshua ni wa kule. Siasa za Kiama, lile baraza la wazee, na hila za Kabonyi, mpinzani wa Waiyaki, zinaweza kupita haraka, mtu mmoja akitoka mduara mmoja kwenda mwingine, zisichukue muda. Mimi ningekaa na Muthoni, dada yake Nyambura, anayekaidi baba ili atahiriwe, kisha anaugua na kubebwa hadi hospitali ya Siriana, anakofia. Waiyaki auhisi uzito huo kwanza, wa dada, kabla ya kumgusa Nyambura. Ili atakapomnyanyua Nyambura kwa mara ya kwanza tujue mikono yake imekwisha kufundishwa na maiti. Na mwisho wasiuawe jukwaani. Ngũgĩ hakuwaua, aliwakabidhi kwa Kiama, na umati ukaondoka. Wabaki wawili, hakuna anayemnyanyua mwenzake, kila mmoja amesimama kwa miguu yake.

Muziki ningechagua isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya paa na njuga. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kinachonivutia ni kwamba hupigwa kwenye arusi na kwenye matanga, kwa hiyo mpigaji hana haja ya kumtangulia mchezaji na kumwambia mtazamaji kwamba sasa mambo yameharibika. Miili ndiyo itakayobadilika. Najua watatokea wa kusema kwamba ngoma ya Waisukha na Waidakho haihusiani na Wagĩkũyũ wa Ngũgĩ. Warusi wa Pushkin walichezwa na kampuni ya Ujerumani iliyoongozwa na mtu wa Rustenburg, na Tatiana wa kwanza, Marcia Haydée, alikuwa Mbrazili. Kilichopungua ni mwalimu mwenye subira ya kuisoma riwaya hadi ibaki matendo kumi na mawili, na mwalimu mkuu wa kumwachia uwanja baada ya saa kumi.