Kichwa Kinachoishia kwa Panya

Maabara ya Qiang Chen katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, ilichapisha makala mbili kuhusu chanjo ya Zika inayotengenezwa ndani ya majani, moja mwaka 2017 na nyingine mwaka 2018. Mmea ni ule ule, Nicotiana benthamiana, jamii ya tumbaku yenye asili ya Australia. Protini nayo ni ile ile, E, inayofunika ganda la nje la virusi. Kinachozitenga makala hizi ni vichwa vyake, na vichwa hivyo vinastahili kusomwa kwa uangalifu tunaoupa ubeti.

Kichwa cha 2017 kinasema kwamba chembe zenye umbo la virusi, zilizobebeshwa kipande cha tatu cha protini E, huamsha kinga kali inayolinda. Hakitaji mmea wala mnyama. Msomaji mwenye haraka anaweza kudhani aliyelindwa ni binadamu. Ndani ya makala anakuta panya waliochanjwa dozi mbili, na kingamwili zilizovuka kiwango kinachohusishwa na kulindwa. Hayo ni matokeo mazuri. Lakini kichwa kimeruka hatua moja: kimeyaita kulinda mambo ambayo yalikuwa ishara ya kulinda.

Mwaka uliofuata sentensi imerefuka, na urefu wenyewe ndio uaminifu wake. Protini iliyozalishwa na mmea huamsha mwitikio wa kinga. Mwitikio huo huzima virusi. Huko kuzima kunakwenda sambamba na kinga inayolinda dhidi ya Zika. Yote haya kwa panya. Kila kirai kinakibana kile kilichotangulia. “Kwenda sambamba” ni kauli ya mtu anayejua kwamba bado hajafika kwenye “kuleta”. Na panya wamewekwa mwisho kabisa, mahali ambapo sikio hutulia. Kwangu mimi hiki ndicho kichwa bora, japo hakiwezi kupamba ukurasa wa mbele wa gazeti.

Uangalifu huo unaendelea katika sehemu ya matokeo, na hapo ndipo makala inapovutia zaidi. Virusi vya Zika vilivyokomaa hubeba nakala 180 za protini E, zimejipanga jozi 90, zimelala bapa juu ya ganda. Baadhi ya kingamwili zenye nguvu haziutambui mnyororo wa protini peke yake. Zinautambua mkunjo wake. Kwa hiyo haitoshi jani kutoa protini nyingi. Swali ni kama jani la mmea, ambao mbu hauambukizi Zika, limeikunja protini hiyo kama inavyokunjwa katika mwili wa mwenye homa. Watafiti walilijibu kwa kuitega protini yao mbele ya kingamwili zinazojulikana kutambua mkunjo, nazo zikaikamata. Sisi wahakiki tumezoea kusema kwamba fani na maudhui havitenganishwi, na mara nyingi tunasema tu. Hapa kauli hiyo imepimwa: asidi amino zote zingeweza kuwepo kwa mpangilio wake, na chanjo ikashindwa kwa sababu ya umbo.

Sehemu ya mbinu, kama ilivyo desturi, imeandikwa kwa kauli ya kutendwa. Bakteria wa Agrobacterium waliobeba jeni la protini E huingizwa ndani ya jani, jani huachwa siku chache, huvunwa, husagwa, protini husafishwa. Mmea haurithishi jeni hilo kwa mbegu zake. Kazi yote inaishia kwenye jani. Hapa kauli ya kutendwa inafaa, maana atakayerudia jaribio anahitaji hatua, hahitaji majina.

Pale makala inapogusa bei, nidhamu hii inalegea. Tunaambiwa kwamba njia hii ni rahisi, ya gharama nafuu, na inaweza kutoa chanjo kwa wingi. Sentensi hiyo haina “kwenda sambamba” wala “kwa panya”. Hakuna panya aliyeithibitisha. Ni desturi ya makala za Zika kufungua na msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, ambako virusi hivi viligunduliwa kwa tumbili mwaka 1947. Mgonjwa wa Uganda ndiye ambaye unafuu huo ungemhusu, na ndiye asiyepewa ushahidi wake. Kuotesha majani ni rahisi kweli. Gharama kubwa iko kwenye kuisafisha protini hadi ifae sindano ya binadamu, kisha kwenye majaribio na soko. Kampuni ya Medicago ya Kanada ilitumia mmea huu huu kutengeneza chanjo ya korona, ikapata idhini Februari 2022. Mwaka mmoja baadaye mmiliki wake, Mitsubishi Chemical, alitangaza kuifunga. Majani yalikuwa yamefanya kazi yake, na idhini ilikuwepo.