Pongezi kwa Marubani wa Maun

Msafiri aliyevuka mto Zambezi alfajiri kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021, akashika barabara ya Nata ambako tembo hukatiza njia wapendapo, kisha akateremshwa penye ua wa kuzuia maradhi ya ng'ombe ili akanyage mkeka uliolowa dawa, hufika Maun, kaskazini mwa Botswana, jua likiwa limekwisha kupinda na viungo vimechoka. Hapo amana ya roho yake huipokea rubani wa ndege ndogo, naye ni mstahiki wa sifa.

Mtazame kabla ya kuruka: huizunguka ndege kwa utaratibu, hukinga mafuta kidogo katika chupa angavu na kuyatazama kwenye nuru yasije yakawa na maji, na abiria huwapanga kwa uzani wao, bila ya kumpendelea tajiri wala kumdharau fakiri. Hadhari hiyo, ambayo aghalabu hakuna aishukuruye, ndiyo msingi wa furaha yote ifuatayo.

Kwani akisha kupaa, huifunua delta ya Okavango, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014: maji ya mvua za nyanda za juu za Angola, yaliyosafiri miezi kadhaa, yakatanda juu ya mchanga wa Kalahari wakati wa kiangazi, wala yasiifikie bahari. Na kila ainamishapo bawa upande huu na huu, ili wote wavione visiwa, mafunjo na njia za viboko kwa usawa, hutenda uadilifu. Twawapongeza marubani hawa kwa dhati. Mola awazidishie ustadi na salama.